DINI SI BAHATI NASIBU

Liko neno moja linalosemwa sana nchini mwetu, nalo husemwa na watu wa namna mbili. Husemwa na wakubwa wa siasa siku wanapokemewa na maaskofu; tena husemwa na wahubiri siku wanapoulizwa kwa nini hawakemei. Neno lenyewe ni hili, ya kwamba dini na siasa zisichanganywe. Hatusemi kuwa neno hilo ni la uongo. Lina kweli yake, na kweli hiyo tutaifikia. Lakini mara nyingi hutumiwa kama pazia la kumfunika mtu asiyetaka kuulizwa habari za maskini.

Leo twataka kulipima neno hilo, na mizani yetu ni mfanyakazi. Maana mfanyakazi Mkristo hana roho mbili, moja ya Jumapili na nyingine ya Jumatatu. Yule aimbaye kanisani ndiye apakiaye mizigo bandarini, ndiye asimamiaye mashine kiwandani, ndiye akataye mkonge, ndiye afundishaye watoto katika darasa lililofurika. Ikiwa dini yake haina neno la kumwambia juu ya ujira wake, nyumba yake, ugonjwa wa mtoto wake na sheria anazotawaliwa nazo, basi dini hiyo imemwacha peke yake siku 6 katika siku 7. Na mtu aliyeachwa peke yake hutafuta mganga.

MAFUTA YA MOSHI

Jumamosi tarehe 1 Februari 2020, katika viwanja vya Majengo mjini Moshi, watu wengi walikusanyika kusikiliza mahubiri. Jioni yakamwagwa mafuta yaliyosemwa kuwa yamebarikiwa, na watu wakaitwa wapite wayakanyage ili wapate baraka. Wakayakimbilia wote kwa mara moja, kila mmoja akichelea kukosa. Watu 20 wakafa kwa kukanyagwa, wakiwamo watoto. Hawakuuawa na vita wala tetemeko la nchi. Walikanyagwa na ndugu zao waliokuwa na shida zilezile walizokuwa nazo wao.

Hatuandiki haya ili kuwacheka marehemu, la hasha. Wala hatumhukumu mtu, maana hukumu ni kazi ya mahakama. Tunalotaka kulitazama ni fundisho. Fundisho lililowakimbiza watu wale lasema kwamba baraka ni chache, kwamba zimo ndani ya chupa, na kwamba awahiye ndiye apataye. Hilo ndilo fundisho la bahati nasibu: wengi hununua tiketi, mmoja hupata, na mwenye kuuza tiketi hakosi kamwe. Msamaria wa Injili hakumkanyaga mtu ili afike mbele. Alishuka katika mnyama wake akamwinua aliyelala njiani, kisha akalipa gharama za matibabu kwa fedha zake mwenyewe.

Tena ajali ile haikuwa dalili ya kwanza. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifunga safari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Bei ya kikombe ilikuwa shilingi 500 tu, na mzee yule hatuwezi kumtia katika kundi la wafanya biashara wa miujiza. Dawa yake ilisemwa kuwa yaponya kisukari, saratani, pumu na hata UKIMWI. Walikwenda wakubwa kwa wadogo, wamo hata baadhi ya viongozi wa serikali. Foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi, na wagonjwa wengine wakafia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Jambo la kujiuliza ni hili: ni nini kilichowafanya watu wengi kiasi kile waondoke vitandani mwao? Wahenga walisema kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Tusimlaumu afaye maji kwa kutapatapa; tuulize ni nani aliyemwacha majini.

Na jirani zetu wa Kenya waliona makubwa zaidi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ya watu waliofuata fundisho la kufunga kula ili wakutane na Bwana. Miili hiyo ikapita 400. Huko ndiko iendako imani iliyokata tamaa na dunia hii.

BAHATI ILITOKA WAPI

Dini hii ya bahati haikuanguka kutoka mbinguni. Inao mwanzo, na mwanzo wake hauko makanisani peke yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asijenge nyumba za kupangisha. Mtu aweza kubishana juu ya uchumi wa siku zile, na mengi katika uchumi ule yalishindwa. Lakini miiko ile ilimfundisha mtoto wa shule kwamba kiongozi ni mtumishi, na kwamba mali ya kiongozi ni jambo la kuulizwa.

Baadaye upepo ukageuka. Mwaka 1986 nchi ilifanya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1991, huko Zanzibar, miiko ya viongozi ikalegezwa. Mashirika ya umma yakauzwa, na wafanyakazi wengi wakapunguzwa kazini. Mwaka 1993 mgonjwa akaanza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali. Mfanyakazi aliyekuwa amezoea kuambiwa kwamba tutasimama pamoja au tutaanguka pamoja, sasa akaambiwa kila mtu ajitafutie. Ndipo mahubiri ya utajiri yakapata masikio. Maana wahubiri wale walisema kanisani yaleyale yaliyokuwa yakisemwa sokoni: ya kwamba aliye tajiri amependwa, na aliye maskini ana kasoro katika nafsi yake, ama hajatoa vya kutosha, ama hajaamini vya kutosha.

Basi kiongozi wa siasa asijidai kuwa msafi akiwacheka watu wanaokimbilia chupa za mafuta. Jamii iliyogeuza mali kuwa kipimo cha utu haiwezi kustaajabu ikiona madhabahu nayo imefuata kipimo hichohicho.

MANENO YA MWALIMU, 1970

Mwezi wa Oktoba 1970 Mwalimu Julius Nyerere alialikwa na masista wa Maryknoll nchini Marekani, akazungumza nao juu ya umaskini na Ukristo. Alizungumza akiwa Rais wa nchi, lakini alizungumza pia akiwa mwana wa Kanisa. Alibatizwa Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21; alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kisha Pugu; na mwaka 1955 akauacha ualimu wa Pugu ili afanye kazi ya TANU. Hakuiacha imani yake alipoingia katika siasa, wala hakuigeuza imani hiyo kuwa kadi ya chama.

Aliyowaambia masista wale yafaa kusomwa na kila mfanyakazi Mkristo. Aliwaambia kwamba yeye hakubali kumwaza Mungu aliye maskini, mjinga, mwenye hofu na aliyeonewa. Nayo hiyo ndiyo hali ya watu wengi sana ambao twaambiwa kwamba wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kwa hiyo Kanisa likinyamaza mbele ya mambo yanayomweka mtu katika hali hiyo, linanyamaza mbele ya tusi analotukanwa Mungu mwenyewe. Akawaonya kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini, litakuwa kitu kisicho na maana kwa mwanadamu, na dini ya Kikristo itabaki kuwa mkusanyiko wa ushirikina unaoshikwa na watu wenye hofu.

Msomaji na ayapime maneno hayo. Yalisemwa mwaka 1970. Miaka 50 haijatimia, watu 20 wakafa Moshi wakigombea kukanyaga mafuta. Je, Mwalimu alikuwa nabii? Hapana, wala yeye hakujiita hivyo. Alikuwa mtu aliyeona kwamba dini isiyojishughulisha na haki haibaki mahali ilipo, bali hushuka chini, hatua kwa hatua, mpaka ikawa hirizi. Kanisa Katoliki lilianza mwaka 2005 kuchunguza maisha yake, kwa shauri la kumtangaza kuwa mwenye heri. Hilo ni la Kanisa, nalo lina utaratibu wake. Lakini kumwita mtu mtakatifu na kusahau alilolisema ni njia ya heshima ya kumnyamazisha.

Wala hakuwa peke yake. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda kukaa Nyabihanga, katika kijiji cha ujamaa, akishiriki kazi za wanakijiji. Kwake yeye ujamaa haukuwa hotuba ya kusomwa katika mkutano. Lilikuwa ni jembe mkononi na chakula cha pamoja. Yapo mambo katika siasa ya vijiji ambayo historia imeyahukumu kwa ukali, hasa kule kuwahamisha watu kwa nguvu. Lakini askofu aliyelima pamoja na maskini hakuwatia mtu yeyote hasarani, na mfano wake haujachakaa.

UJIRA NA MADHABAHU

Huenda mtu akasema kwamba habari za mishahara ni mambo ya vyama vya wafanyakazi, wala si ya altare. Atakayesema hivyo afungue Biblia yake upya. Torati iliamuru kibarua apewe ujira wake siku ileile kabla jua halijachwa, kwa sababu yeye ni maskini na roho yake yautazamia. Nabii Amosi, mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, aliwakemea waliokuwa wakishika sikukuu za dini huku wakipunguza vipimo na kuwauza maskini. Eliya hakumwendea Mfalme Ahabu kumfundisha sala. Alimwendea kwa sababu ya shamba la Nabothi, lililonyang'anywa kwa hila ya mahakama. Na Mtume Yakobo aliwaonya matajiri wa zama zake kwamba ujira waliowanyima wavunaji umekwisha kuwashtaki mbinguni. Mtu akiyatoa haya yote ili dini isiguse siasa, kitabu chake kitabaki na majalada tu.

Kanisa la Roma lilikumbuka jambo hili mwaka 1891, Papa Leo XIII alipoandika waraka juu ya wafanyakazi. Alisema kwamba ujira lazima utoshe kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi, na kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana. Mei 2025, Papa mpya alipochagua kuitwa Leo XIV, alieleza kwamba amelitwaa jina hilo hasa kwa ajili ya waraka ule, kwa kuwa kazi na heshima ya mwanadamu zimeingia tena katika zama za mageuzi makubwa ya mashine, safari hii mashine zenye akili ya kuundwa.

Basi tuyalete mambo haya karibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Kwamba saa za ziada zilipwe kwa kiwango cha mara moja na nusu. Kwamba mfanyakazi apate siku 28 za likizo. Na kwamba yu huru kujiunga na chama cha wafanyakazi. Sheria ya hifadhi ya jamii nayo yataka mchango wa asilimia 20 ya mshahara upelekwe katika mfuko, na mfanyakazi asikatwe zaidi ya 10 katika hizo. Kila msomaji wetu anamjua mtu ambaye makato yake hayakufika yalikopaswa kufika. Mtu huyo hutoa fungu la kumi kanisani kila mwezi kwa uaminifu. Je, si haki yake kumsikia mchungaji wake akiuliza habari za fungu jingine la kumi, lile lililokatwa kwa ajili ya uzee wake? Tena ikiwa mwajiri aliyelizuia fungu hilo huketi kiti cha mbele katika kanisa hilohilo, je, mchungaji ataogopa nini?

Mhubiri wa bahati humwambia mfanyakazi huyo kwamba shida zake zatokana na laana ya ukoo, na kwamba akipanda mbegu ya fedha atapata gari. Hamwambii kwamba iko sheria, liko tawi la chama cha wafanyakazi, iko tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi. Kwa hiyo mtu hutoka pale na matumaini makubwa na mfuko mtupu, na mwajiri wake hulala usingizi mwema. Hiyo nayo ni siasa. Tofauti yake ni kwamba ni siasa ya kumtumikia mwenye nguvu bila kumtaja.

MADAWATI NA VITANDA

Lakini tusiwe kama wale waonao uchafu tu ndani ya nyumba. Katika mji uleule wa Moshi imesimama hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya shirika lililochukua jina la Msamaria Mwema. Mwaka huohuo hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki, ilifunguliwa Mwanza. Mwaka 1972 ikachukuliwa na serikali, na mwaka 1985 ikarudishwa kwa Kanisa kwa mapatano ya kuiendesha pamoja. Mwaka 1992 makanisa na serikali wakatiliana saini mkataba juu ya huduma za afya na elimu. Katika wodi za hospitali hizo hakuna anayewahi baraka kwa kumkanyaga mwenziwe. Mgonjwa huandikwa jina, hupewa kitanda, haulizwi dini yake. Huo nao ni Ukristo, ijapokuwa hauna vipaza sauti.

Na zamani Wakristo wa nchi hii walitakiwa walipe gharama kubwa kuliko sadaka. Wakati wa Uhuru, mwaka 1961, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na matokeo yake ni kwamba watoto wa Kikristo walipata elimu kuliko watoto wa Kiislamu. Malalamiko ya Waislamu juu ya jambo hilo yalikuwa na msingi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali, na milango yake ikawa ya wote. Wako waliosikitika sana, maana shule zile zilijengwa kwa sadaka za watu wa kawaida na jasho la vizazi viwili au vitatu. Lakini tujiulize: mtoto wa Kikristo alipoketi dawati moja na mtoto wa Kiislamu, Injili ilipungukiwa na nini? Sisi twaona kwamba haikupungukiwa na kitu. Kile kilichopungua ni upendeleo, na upendeleo si imani.

KANISA LIKIGEUKA TAWI

Sasa tumeifikia ile kweli iliyomo katika neno la kwamba dini na siasa zisichanganywe. Kweli yenyewe ni kwamba Kanisa lisigeuke kuwa tawi la chama, wala chama kisijifanye Kanisa. Atakaye kujua hatari yake na atazame Rwanda, jirani yetu wa magharibi.

Rwanda ya mwaka 1994 ilikuwa nchi ya Wakristo wengi sana, Wakatoliki wakiwa ndio wengi zaidi. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, kwa miaka mingi alikuwa mjumbe wa Kamati Kuu ya chama tawala cha Rais Habyarimana. Kanisa na dola walikula sahani moja. Ubaguzi wa Wahutu na Watutsi ulipohubiriwa kutoka kwenye redio na kwenye mikutano, sauti kubwa ya kuukataa haikutoka mahali ilipotazamiwa kutoka. Siku za mauaji watu walikimbilia makanisani, kama walivyofanya baba zao zamani, wakaulia humohumo: Ntarama, Nyamata, Nyange. Kule Nyange kanisa lilibomolewa kwa matingatinga juu ya watu wasiopungua 1,500. Padri wa parokia ile akahukumiwa na Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha, na mwaka 2008, katika rufani, akapewa kifungo cha maisha. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na watu wake katika mambo hayo.

Kusini nako yalikuwako makanisa mawili chini ya Biblia moja. Lilikuwako Kanisa la Makaburu wa Kidachi, lililoutafutia ubaguzi wa rangi aya za kuusimamisha. Na walikuwako watu kama Padri Trevor Huddleston, aliyekaa na Waafrika wa Sophiatown, Johannesburg, akapinga walipohamishwa kwa nguvu mwaka 1955. Mtu huyo twamjua sisi Watanzania, kwa kuwa tangu mwaka 1960 hadi 1968 alikuwa Askofu wa Masasi, akafanya kazi na watu wa kusini mwa nchi yetu, kisha akamwachia Mwafrika kiti chake. Lile Kanisa la wenye nguvu lilikuwa na majengo, fedha na mawaziri. Huddleston hakuwa na hivyo. Lakini ukiuliza leo ni nani aliyeilinda heshima ya Ukristo Afrika Kusini, hakuna mtu atakayekutajia mawaziri wale.

NENO KWA WANA CHAMA

Kwa hiyo twawageukia wenzetu wa siasa, nasi tutasema bila kuzungukazunguka. Wako wana chama wapendao Kanisa linapowaombea, wasilipende linapowauliza. Mwaka 2018 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa ujumbe wa Kwaresima, na maaskofu wa KKKT wakatoa waraka wa Pasaka, wakilalamikia kufinywa kwa shughuli za siasa na kwa uhuru wa kutoa maoni. Ikatoka barua katika Wizara ya Mambo ya Ndani kuitaka KKKT iufute waraka wake. Mwezi Juni Waziri mwenyewe akaikana barua ile. Alifanya vema kuikana, lakini jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuonyesha ugonjwa uliomo. Ikiwa askofu aruhusiwa kuhubiri juu ya wizi wa kuku, basi asikatazwe kuhubiri juu ya wizi wa kura. Chama chenye nguvu ya hoja kingalijibu waraka kwa waraka.

Tena kuna jambo la fedha. Wakati wa uchaguzi ukikaribia, wagombea wengi hupatwa na uchaji wa ghafula. Huonekana katika kila harambee, bahasha mkononi, wapiga picha nyuma. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilizikataa fedha ambazo Rais wa nchi alikuwa amezitoa katika parokia moja, likaagiza zirudishwe, kwa kuwa halikutaka madhabahu itumiwe kwa siasa. Tungependa kuona mfano huo ukivuka mpaka. Mchungaji aliyepokea bahasha Jumapili hawezi kusema kweli Jumatatu, na mwanasiasa aliyeinunua madhabahu ameharibu kitu ambacho siku ya dhiki atakihitaji yeye mwenyewe.

Wala tusisahau kwamba nchi hii si ya Wakristo peke yao. TANU ya mwaka 1954 ilipokewa na kulishwa na wazee wa Dar es Salaam ambao wengi wao walikuwa Waislamu, nao walimkubali mwalimu Mkatoliki awe kiongozi wao. Ibara ya 19 ya Katiba yampa kila mtu uhuru wa imani na kuziweka jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na ibara ya 20 yakataza chama kujengwa juu ya dini. Hizo ni kuta zenye faida. Lakini ukuta wa nyumba hujengwa kuzuia mwizi. Haukujengwa kumzuia jirani asipige kelele anapoona moto. Sheikhe akitetea mshahara wa kuli, na askofu akitetea shamba la mkulima, hawajavunja Katiba. Wametimiza dini zao.

Yapasa basi kila mmoja wetu ashike kazi yake. Mfanyakazi Mkristo asiidharau sala, lakini akimaliza kusali aende kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi, aulize habari za saa zake, likizo yake na makato yake. Katika jumuiya ndogo ndogo na mikutano ya mitaa watu waulize nani ni mgonjwa, nani amefukuzwa kazi, nani amenyang'anywa kiwanja, kisha wamwendee pamoja. Wachungaji wawaeleze waumini wao wazi kwamba hakuna mafuta wala maji wala leso iwezayo kushika mahali pa haki na daktari. Na viongozi wa siasa wajue kwamba hospitali isiyo na dawa na mahakama isiyo na haki ndizo zinazomjazia nabii wa uongo viwanja vyake. Atakaye kuvipunguza viwanja hivyo hahitaji polisi. Ajaze dawa hospitalini, na alipe mishahara kwa wakati.

Dini ya bahati yasema, wahi wewe, hata kama utamkanyaga mwenzio. Dini ya Kristo, kwa jinsi tulivyofundishwa, yasema geuka umwangalie aliyeanguka. Nchi haiwezi kujengwa kwa ile ya kwanza, wala Kanisa haliwezi kudumu kwayo. Wale 20 wa Moshi hawawezi kurudi. Lakini watoto wao wako, wanasoma, na punde wataingia kazini. Na tuwaandalie imani isiyowadai wakimbie, na nchi isiyowapa sababu ya kukimbia.